Wifi Hakamuliki kwa Sala

Mama Jembe alizikwa Jumanne, na Jumatano asubuhi ng'ombe wake akagoma. Hakugoma kula, kula alikula kama mgeni wa harusi. Alichogoma ni kutoa maziwa. Binti wa marehemu, fundi cherehani mwenye kibanda cha kupanga kule sokoni, alimwosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, akampaka mafuta, akambembeleza, akavuta chuchu mpaka vidole vikafa ganzi. Ndoo ikabaki tupu kama ahadi ya mlevi.

Ng'ombe huyo anaitwa Wifi. Jina alipewa na Mama Jembe mwenyewe siku alipoingia zizini. Mumewe hakuzaliwa na dada hata mmoja, na Mama Jembe aliona si haki mwanamke kuolewa akakosa wifi wa kumtesa. "Mtazameni," alisema. "Anakula asicholima, anamwangalia mtu kwa dharau, na nikimsema mume wangu anageuza shingo. Huyu asipokuwa wifi, wifi ni nani?"

Ndama wa Wifi alikufa angali mdogo. Ng'ombe mwingine angekauka hapo hapo, maana maziwa huja kwa sababu ya mtoto. Wifi hakukauka. Mama Jembe aliingia bandani alfajiri, akaketi kwenye kigoda, akaanza kunong'ona, na maziwa yakashuka. Wapita njia waliokuwa wakienda mashambani walisikia mnong'ono huo ukipanda na kushuka nyuma ya mbao. Walipomuuliza mumewe, mzee alishusha kofia kidogo, akavuta pumzi, akasema, "Mwenzangu anasali."

Sifa ikaenea. Kina mama wa sala wakamtolea mfano mikutanoni: mwanamke anayemkumbuka Mungu hata chini ya ng'ombe. Mama Jembe aliposikia alicheka mpaka akashika mti. Hakukanusha. Mtu akikupa sifa ya bure, alisema, ipokee, huenda kesho ukaihitaji.

Ukweli aliujua mume peke yake. Kitanda chake na banda la Wifi vilitenganishwa na ukuta wa mbao zenye nyufa za kupitisha kidole. Kila alfajiri, akiwa amejifunika mpaka puani, Mzee Kofia alisikia neno kwa neno. Haikuwa sala. Mama Jembe alikuwa akimtukana yeye.

*

Alhamisi jioni walikaa mezani: Mzee Kofia, Binti, na mwana mkubwa, Karani, aliyetoka mjini na viatu vinavyong'aa na kalamu mbili mfukoni. Jumapili ilipangwa kuwa siku ya kumkumbuka mama, majirani waje, hotuba isomwe. Hotuba ilikuwa mikononi mwa Karani, na Karani alikuwa akiipenda.

"Sikilizeni. 'Marehemu mama yetu, mkulima, mtoto wa wakulima, alikuwa mtu mpole, mnyenyekevu, mwenye maneno machache...'"

Chai ilimpalia Binti. "Mama yetu yupi?"

"Hii ni hotuba, bwana."

"Ndiyo nauliza. Ya msiba huu, au umeiazima kwa jirani?"

"Sasa ulitaka niseme nini mbele za watu? Kwamba alimfukuza bwana shamba kwa mwiko?"

"Kwani hakumfukuza? Si huyo bwana shamba alimwambia apande mistari minyoofu, na miguu yake mwenyewe imepinda?"

Mzee Kofia alitabasamu ndani ya kikombe. Karani akaigeuza karatasi. "'Kila alfajiri alikuwa akisali bandani, kama baba anavyotueleza.' Si ndivyo, Baba?"

"Mm," Mzee alijibu, na tabasamu likazama kwenye chai.

Nje Wifi alilia. Sauti ilikuwa nzito, ya mnyama anayeumwa. Daktari wa mifugo alikuwa amepita mchana, akapapasa kiwele kilichovimba kikawa kigumu kama mpira, akatikisa kichwa. Maziwa yakiendelea kukaa mle ndani yataoza, alisema, na kiwele kikioza ng'ombe hana siku nyingi.

Karani akakunja hotuba yake. "Baba, usinione mbaya. Mchinjaji anamtaka angali mzima. Akifa, hata mbwa watamuuliza daktari kwanza. Na wewe hapa bila mama na bila maziwa utakula nini? Kofia?"

"Nitahamia hapa na cherehani yangu," Binti akasema. "Nikiuza maziwa ya Wifi, silipi tena kodi ya kibanda wala simjui mwenye kibanda."

"Maziwa gani? Onyesha." Karani akamgeukia baba yake kwa sauti ya kumwuzia mtu kitu. "Nyumbani kwangu chumba kipo, Baba. Kile cha nyuma. Tutaondoa matairi. Friji mbovu itabaki, mama watoto anatunzia viatu."

"Kina dirisha?"

"Kinalo."

"Linatazama wapi?"

"Ukutani kwa jirani."

"Na huyo jirani, mtu akimsalimia, anaitika?"

"Baba, mjini watu wana kazi."

Mzee Kofia aliinuka, akaenda kusimama mlangoni. Toka pale aliona shamba la bondeni, matuta aliyoyapiga mkewe miezi miwili kabla ya kuumwa, marefu, yamenyooka, na mahindi yamekwisha kufika magotini. Aliona banda, na kigoda kikiwa palepale. Hakuwa mtu wa kuomba. Safari hii akaomba.

"Mpaka Jumapili," alisema. "Niacheni mpaka Jumapili."

Karani alikuna kidevu kama mtu anayetia saini. "Haya. Wifi akitoa maziwa kabla hatujaagana na wageni, unabaki. Asipotoa, Jumatatu mchinjaji, na wewe unapanda gari pamoja nami."

*

Ijumaa lilikuja wazo la nguo. Daktari alikuwa ameliacha kama mtu anavyoacha mwavuli: ng'ombe huenda anamtafuta mwenyewe, vaeni nguo za marehemu, asikie harufu yake. Binti alijaribu, lakini Wifi aliijua vizuri harufu ya mafuta ya cherehani, na gauni la mama lilimmeza fundi akabaki kichwa tu. Aliyekuwa na umbo la mama alikuwa mmoja.

"Sivai," akasema Karani.

"Kaka, maumbile yako ni ya mama. Hata makalio."

"Nimesema sivai."

Akavaa. Alivaa juu ya suruali, akafunga kilemba, akatia miguu kwenye mabuti ya mvua ya marehemu yenye tope la bondeni, akainama chini ya ng'ombe huku akitoa sauti nyembamba: "Njoo mama, njoo mpenzi." Wifi alimnusa mgongo, akatafuna kilemba.

Wakati huohuo muuza mkaa alikuwa akikata njia nyuma ya banda. Akaona mgongo ule, gauni lile, mabuti yale. "Shikamoo, Mama Jem..." akaanza, halafu akakumbuka kwamba Jumanne alishika koleo kaburini. Mkaa ulibaki njiani, gunia zima. Watu wa nyumba ile walipikia mkaa huo mpaka Jumapili, na hakuna aliyekuja kuudai.

Mchana, watoto walipokwenda sokoni kufunga kibanda, Mzee Kofia aliingia bandani peke yake. Akatazama huku na huku. Akaketi kwenye kigoda, akashika chuchu. Alijua kabisa kinachotakiwa. Lakini kujitukana ni kazi, hasa kwa mtu aliyezoea kufanyiwa.

"Wifi," alinong'ona. "Kaka yako... ni mtu mwenye mapungufu kidogo."

Wifi akaacha kutafuna.

"Wakati mwingine amekuwa... akichelewa kuamka. Si sana."

Wifi aligeuza kichwa, akamtazama kwa macho yale ya dharau, akainua mkia, akamalizia mazungumzo. Mzee aliwahi kuokoa kofia, hakuwahi kuokoa shati.

*

Jumamosi walikuja kina mama wa sala, wakiongozwa na Mama Sauti, mwanamke mnene mwenye koo la tarumbeta, rafiki wa marehemu tangu usichana. Walikuwa wamesikia habari.

"Shemeji, usihuzunike," Mama Sauti alimwambia Mzee. "Mnyama aliyezoea sala atafunguka kwa sala. Tumekuja."

"Msijisumbue, shemeji. Mna kazi zenu."

"Sala si usumbufu! Au wewe hutaki?"

Mzee akawapisha. Uongo aliupanda mwenyewe, na sasa umechipua, umezaa, umevaa vilemba vyeupe na kusimama mstari mbele ya banda. Waliimba wimbo wa kwanza, wakaimba wa pili. Mama Sauti aliweka mkono juu ya pembe, akaomba kwa nguvu mpaka kuku wakatoka uani. Binti alikuwa chini na ndoo, akivuta. Walipofika kwenye "pokea shukrani zetu", Wifi alirusha teke, ndoo ikapaa juu ya ua, ikatua kwenye mbuyu wa jirani? La, haikufika huko. Ilitua kichwani kwa mtunza hazina wa kina mama, ikamkaa sawasawa kana kwamba alipimwa.

"Amina," akasema Binti.

Walipoondoka, Mama Sauti alibaki nyuma. Alikuwa akimtazama Mzee kwa jicho moja limefumba nusu. "Shemeji. Yule mwenzangu nilichunga naye, nikalima naye, nikaiba naye miwa. Sijawahi kumsikia akisali zaidi ya dakika moja asisinzie. Alikuwa akisema nini humu bandani?"

Mzee Kofia aligeuza kofia mikononi, upande huu, upande ule.

"Haya, nyamaza," akasema Mama Sauti. "Ila mficha uchi hazai, shemeji. Na huko mjini hakuna wa kukuita shemeji."

*

Jumapili ua ulijaa. Viti vilikuwa vya kuazima, na mabenchi, na ndoo zilizofunikwa ubao. Mchinjaji naye alikuja mapema na kamba begani, eti amekuja kutoa rambirambi. Akachagua kiti kinachotazama banda, akawa anampima Wifi kwa macho, paja, mbavu, paja la pili. Begi la Mzee Kofia lilikuwa tayari mlangoni. Karani ndiye aliyelifunga.

Wifi hakuwa akilia tena. Alisimama miguu ya nyuma imepanuka, kichwa chini, akitetemeka ngozi.

Karani akasimama, akakohoa, akaanza. "'Marehemu mama yetu alikuwa mtu mpole...'"

Watu walitazamana. Muuza mkaa aliinamisha kichwa, mabega yakimtikisika.

"'...mnyenyekevu, mwenye maneno machache. Hakuwahi kupandisha sauti. Hakuwahi kugombana na mtu...'"

"Tumekosea msiba," sauti fulani ikasema nyuma.

"'...na kila alfajiri, akiwa na ng'ombe wake, alikuwa akimwombea mume wake kwa...'"

"Kaa chini," akasema Mzee Kofia.

"Baba, bado sijamaliza."

"Huyo unayemsoma simjui. Nimeishi na mke miaka yote hii, leo hutanioza mwingine. Kaa."

Alitoka kwenye kiti cha mfiwa, akachukua ndoo, akaenda bandani mbele ya macho ya watu wote. Aliketi kwenye kigoda. Akavua kofia, akaitundika kwenye msumari, na wengi pale ndipo walipojua kumbe hana nywele. Akafuta chuchu kwa kiganja. Halafu akafungua kinywa, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa ile nyembamba, ya puani, ya mwanamke aliyeamka kabla ya jogoo na hana nafasi ya upuuzi.

"Umeamka, Wifi? Mimi na wewe tumeamka. Kaka yako bado. Kaka yako analala kama gunia la chumvi lililonyeshewa, ukimwinua upande huu anamwagikia upande ule!"

Wifi akanyanyua masikio.

"Nimetoka kwa baba yangu na jembe begani, Wifi, tumelima tangu babu wa babu, nikamkuta kaka yako shambani kavaa viatu. Viatu! Nikamuuliza, unaenda wapi? Akasema, nimekuja kupalilia. Akapalilia mahindi, akaacha magugu!"

Chwaa. Mfululizo mwembamba uligonga chini ya ndoo. Ua mzima uliusikia. Binti akashika mdomo.

Mzee aliposikia maziwa alishtuka, akanyamaza, akageuka kuwatazama watu. Maziwa yakakatika.

"Endelea, shemeji!" Mama Sauti akapiga kelele.

"Baba," Karani akasema, uso umemwiva, "watu wanasikia."

"Wasikie!" akajibu Binti. "Baba, sema!"

Mzee Kofia akamgeukia Wifi tena. Lililofuata ndilo lililomuuma zaidi ya yote. Lile alilijua kwa moyo.

"Wifi, nikuambie kituko cha kaka yako. Aliuza shamba la bondeni, shamba langu, lenye udongo mweusi mpaka unataka kuula, akanunua redio. Nikasema, redio ya nini, mume wangu? Akasema, tusikie mvua itanyesha lini. Itanyesha wapi, Wifi? Kwenye redio?"

Chwaa, chwaa. Kicheko kilianzia kwa kina mama, kikapita kwenye mabenchi, kikamkamata mtunza hazina mwenye uvimbe kichwani.

"Nikalima vibarua, Wifi. Nikalima mashamba ya watu mimba ikiwa hapa, na yule Karani ndani yake ananipiga mateke kama mwenye deni. Nikauza maziwa ya yule aliyekutangulia zizini. Shamba la bondeni nikalirudisha, tuta kwa tuta. Na kaka yako siku ile alinipa zawadi gani? Alijinunulia kofia, ili apendeze akisimama pembeni ya shamba langu!"

Maziwa sasa yalikuja kwa pande zote mbili, mazito, yakitoa povu. Wifi alifumba macho. Mzee alikuwa akitokwa jasho na machozi na makamasi, hakuwa na mkono wa kufutia, na hakusimama.

"Nilikuwa na mchumba mwenye zizi limejaa, Wifi. Baba alimtaka, mama alimtaka. Mimi nikamtaka huyu, kwa sababu ya meno. Alicheka tu, nikaona yale meno, nikasema basi. Sasa mtazame, Wifi. Meno yenyewe yako wapi?"

Akakwama hapo. Mlangoni mwa banda watu walikuwa wamesongamana, wanacheka, wanajipangusa. Binti alichuchumaa, akashika ndoo isimwagike.

"Halafu alisemaje, Baba?"

"Halafu alikuwa akigonga mbao," Mzee alisema, kwa sauti yake mwenyewe. "Anagonga mara mbili kwa kiwiko. Anasema, 'Najua unasikia, mvivu wee. Amka, uji unapoa.'"

Binti alinyoosha mkono, akagonga ukuta wa mbao mara mbili. Wifi akatoa yaliyobaki.

*

Hotuba ya Karani haikumaliziwa. Kila mtu alikuwa na yake. Muuza mkaa alieleza jinsi marehemu alivyomwambia mkaa wake unawaka kwa kuona haya. Mama Sauti alisema tuta lake la kwanza la viazi marehemu aliliita kaburi la panya, na watu wakaja kumpa pole. Hata Karani mwishowe alikiri kwamba siku alipopata kazi mama alimtazama kalamu mbili mfukoni akasema, "Moja inaandika, ya pili inaisimamia." Alilisema akicheka, halafu akalia vibaya, kwa sauti, na Mama Sauti akamkumbatia akapotea kabisa ndani ya kifua chake.

Mchinjaji alikunja kamba yake. "Nyama yenye maneno mengi hivi," akasema, "wateja wangu hawataiweza." Akaomba kikombe cha maziwa, akapewa.

Begi lilifunguliwa. Jumatatu Karani alirudi mjini kwa matairi yake, na Binti akahamia na cherehani.

Asubuhi yake ya kwanza, Binti aliketi kwenye kigoda, akakumbuka kwamba undugu nao umebadilika. Wifi wa mama ni shangazi wa mtoto. "Shikamoo, Shangazi," akasema. "Kaka yako amelala. Kaka yako ni mvivu. Kaka yako aliuza shamba akanunua redio." Alitukana kwa adabu, kama mtu anayesoma ubaoni, maana aliyekuwa akimtukana ni baba yake mzazi. Maziwa yalikuja, lakini kwa kusitasita.

Nyuma ya mbao mtu akakohoa.

"Hiyo ya kulala umeipunguza," sauti ikasema kutoka chini ya blanketi. "Kuna gunia la chumvi. Lirudishe gunia."

"Baba, naona aibu."

"Aibu ni yangu, si yako. Mimi ndiye ninayetukanwa. Anza tena, na sauti itoke puani."

Binti akaanza tena. Akafika mpaka kwenye meno. Kisha akagonga mbao mara mbili kwa kiwiko.

"Najua unasikia, mvivu wee. Amka, uji unapoa."

Kitanda kikalia, miguu ikatafuta ndala. "Naam," Mzee Kofia akajibu. Zamani hakuwa akijibu.